Nyota Juu ya Paa la Mama Januari

"Kuku, mwambie huyo mtu moto wangu hauzimwi kwa ajili ya nyota!"

Kuku aliyetumwa hivyo alikuwa wangu, mtetea wa madoadoa, na wakati huo alikuwa anachakura uani kwangu bila habari na mtu. Aliyemtuma alikuwa Bernadina, Mama Januari, jirani yangu wa upande wa magharibi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko unaochuruzika pombe. Na "huyo mtu" alikuwa amesimama upande wa pili, nyuma ya ua wangu wa minyaa, anasikia kila neno vizuri kuliko kuku. Alikuwa Bartholomeo, mpiga picha wa duka la Firoz.

"Kuku," Bartholomeo naye akasema, macho kwa mtetea wangu, "mwambie Mama Januari sikumwomba azime. Afunike tu kwa bati. Kwa muda wa fungu moja la rozari, basi."

"Rozari! Kuku, muulize, siku tuliyosali rozari ya Mageni wangu yeye alikuwa wapi?"

"Kuku, mwambie nimeshajibu hilo."

"Kuku, mwambie jibu lake nimelisikia na nimelitema!"

Kuku akainua mkia, akanya palepale, akaenda zake. Wageni waliokuwa wamejaa uani kwangu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Usidhani watu wa Ngokolo tulikuwa wendawazimu. Mtaa wetu wakati ule, mwisho wa mwaka arobaini na saba, ulikuwa na watu wa kila namna, Wasukuma, Wasumbwa, Wanyamwezi, na wachimbaji waliotoka Geita kuja kutafuta treni wakaishia kutafuta wake. Lakini sheria ya msiba ilikuwa ileile ya vijijini. Asiyekwenda kuchimba kaburi la jirani yake hapewi moto, hapewi chumvi, hasalimiwi, na chakula chake hakiliwi, mpaka achinje ng'ombe mtaa mzima ukae chini ule ushibe. Ukimtupia neno moja tu, nawe unaingia kwenye shimo lake. Sasa utamtukanaje mtu ambaye huruhusiwi kusema naye? Ndiyo maana tukawa tunawatuma kuku.

Na kosa la Bartholomeo halikuwa la kusingiziwa. Mageni, mume wa Bernadina, alikufa wakati wa masika, watu wengi wako mashambani. Bartholomeo alikuwa Geita, ametumwa kuwapiga picha wafanyakazi wa mgodini. Habari ilimkuta asubuhi na lori la kurudi lilikuwa linanguruma mlangoni. Akasema ngoja amalize kwanza, maana watu wameshapangwa mstari. Alipofika huku, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Kwa uchache wa wanaume, Januari na mdogo wake walimchimbia baba yao kaburi kwa mikono yao wenyewe, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa kwa mtaa mzima. Bernadina aliwatazama wanawe wakishuka ndani ya shimo lile, na tangu siku hiyo akawa na jiwe kifuani. Nani angemlaumu?

Sasa Bartholomeo naye alikuwa na lake. Mkewe alikuwa ameshachoka na maisha ya kutosalimiwa, amerudi kwao. Ndani alibaki mama yake, Serafina, na tangu mvua zianze kifua kilikuwa kimembana bibi yule, hata kizingiti alikuwa havuki. Sote tulikisikia kikohozi chake kupitia ukutani. Siku moja uani kwangu mtu aliuliza, "Mama Serafina akifa leo, nani atamchimbia?" Bujiku, aliyekuwa nsumba ntale wetu, yaani mkubwa wa vijana, yule anayewaita watu kwenye kulima na kuchimba, alijibu huku anatafuna karanga, "Si ana mtoto?"

Jibu hilo Bartholomeo alilisikia, maana minyaa haizibi sauti. Hofu yake ikawa hiyo tu, usiku na mchana, kwamba mama yake atakufa kabla mtaa haujamrudisha, na atamtia shimoni peke yake kama mtu anayefukia mzoga. Ng'ombe wa kuchinja hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni kamera, nayo si yake.

Nyota yenyewe ilikuwa imetokea juma lile. Jua likishazama tu, upande wa kusini-magharibi, ilikuwa inaning'inia na mkia wake mrefu umesimama juu, kama mtu aliyepiga ukuta kwa ufagio wenye chokaa. Haikukaa sana, nayo ilikuwa inazama kulifuata jua. Wenye kuogopa waliogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakaja na vigoda. Wachimbaji wa Geita waliapa kwamba chini ya mkia ule kuna dhahabu, na mmoja alikwisha kwenda kuutafuta mwisho wake, akarudi na miiba. Mpangaji wangu kutoka Nyasubi alisema kwao Kahama inaonekana kubwa zaidi. Watu wa Kahama kila kitu kwao ni kikubwa zaidi.

Nyumba yangu ni ya watu, siwezi kula peke yangu hata mhogo. Jioni ile walikuwa wamejaa mpaka juu ya kinu, wanangoja nyota, maana siku mbili mawingu yalikuwa yameifunika na siku hiyo mbingu ilikuwa imefuliwa ikaanikwa. Bernadina alikuwa ameinjika pipa la pombe ya mtama ya kuuza kesho yake. Na nyota, kwa bahati mbaya ya Bartholomeo, ilikuwa inashukia juu ya paa la Bernadina hasa, si la mtu mwingine. Ukisimama uani kwa Bartholomeo, ukitazama kupitia kwangu, kwanza unaona moto wa Bernadina na moshi wake, kisha ndiyo unaona nyota.

"Kwa nini asiende mbugani na kamera yake?" mpangaji wangu aliuliza.

"Amwachie nani mama yake?" nikamwambia. "Wewe utakwenda kukaa naye?"

Akarudi kwenye kigoda chake. Kweli, nani angekwenda? Kuwa mbali siku ya msiba ndiko kulikomfikisha Bartholomeo hapo, hakutaka kurudia.

Basi akatoa kamera ya Firoz, lile sanduku lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, akalisimamisha uani kwake. Kioo cha kupigia alikuwa nacho kimoja tu, maana tangu vita vioo vilikuwa vinakuja kwa meli moja moja kama barua za mchumba asiyekupenda. Akaangika mkeka kuzuia mwanga wa taa zangu. Mimi, kwa hiari yangu, nilizipunguza taa, sikusema neno. Kupunguza taa si kusema.

Giza likaingia, kuku akaingia bandani. Nyota ikajitokeza, nyeupe, mkia umenyooka. Watu wakasema "Aaa." Na moto wa Bernadina ukawa unawaka chini yake, mwekundu, moshi unaifuta nyota kama mtu anayefuta ubao.

Bartholomeo akaja tena mpakani. Akatafuta kuku, hakumwona. Akakitazama kinu changu, ambacho aliyekikalia alikuwa ameshuka.

"Kinu," akasema, "mwambie Mama Januari nyota inazama. Namwomba kwa jina la mama yangu."

Bernadina hakugeuka. Aliyejibu alikuwa Bujiku, amekaa na kata ya pombe mkononi, anaonja kwa niaba ya mtaa.

"Kinu, mwambie tulipomnyima moto alinung'unika. Leo anakuja kutuomba giza. Giza analo la kwake, tele, alitumie."

Ua mzima ukacheka. Mchimbaji mmoja akapiga kinu kofi, "Kinu, umemwambia? Mwambie tena!" Hata watoto wakaanza kukituma kinu. Bartholomeo alisimama akachekwa mpaka kikaisha kicheko chenyewe, halafu akarudi kwenye kamera yake.

Akangoja. Mtu akinyimwa kila kitu anajifunza kungoja. Bernadina aliingia ndani kufuata kitu, moto ukapungua wenyewe, kuni zikawa makaa, upepo ukasukuma moshi upande wa kwangu. Paa likaonekana, jeusi na safi, na nyota juu yake imetulia. Pale ndipo tulipomsikia Bartholomeo akifungua jicho la kamera, na papo hapo akaanza kwa sauti:

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

Alikuwa anapima muda kwa sala, saa ya mkononi hakuwa nayo. Kila Salamu ilikuwa kipande cha mwanga kinachoingia. Lakini sala ile, mtu akiianza, wewe Mkatoliki mdomo wako unaimalizia wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshafika "Maria Mtakatifu, Ma..." jirani yangu akanifinya paja. Nikaumeza ulimi. Pale pa kuitikia pakawa kimya, watu wote wale, kimya. Bartholomeo akajiitikia mwenyewe. Akaanza ya pili. Tukanyamaza. Akajiitikia. Sijawahi kusikia sala yenye baridi kama ile, na nimekwenda misiba mingi.

Ndani kule kikohozi kikasikika, na nyuma ya kikohozi sauti nyembamba: "...utuombee sisi wakosefu." Mama Serafina alikuwa anamwitikia mwanawe kitandani.

Bernadina akatoka. Akasikia sala, akaona moto umelala, akaona watu wametulia kama wako kanisani. Sijui ni lipi lililomchoma zaidi. Nadhani ni rozari. Rozari ya mumewe ilisaliwa bila mtu yule, na sasa mtu yule anaisali kwa ajili ya nyota. Alikwenda pembeni ya nyumba, akakumbatia mzigo mzima wa mabua makavu ya pamba, mzigo wa kupikia siku tatu, akautupa wote motoni.

Mabua ya pamba unayajua. Yalipasuka, yakaruka juu, ua wangu wote ukawa mchana. Nikaona meno ya kila mtu. Nikamwona Bartholomeo amejitupa mbele ya kamera na kitambaa cheusi, amekikunjua kama mtu anayemfunika mtoto. Amechelewa.

"Pombe inataka kuchemka," Bernadina akasema, hamwambii mtu.

Watu wakalipuka. Bujiku alicheka akakohoa, wanawake wakapiga vigelegele, mchimbaji akainuka akacheza kwenye mwanga ule. "Chochea, Mama Januari! Chochea!" Naye akachochea kweli. Moto ulipokuja kupungua, nyota ilikuwa imeshaingia nyuma ya paa, umebaki mkia tu, nao unafifia.

Kelele zile ndizo zilizotufanya tusisikie kwato.

Firoz aliingia kwa njia ya mbele, tochi mkononi, kofia yake kichwani, na nyuma yake mchungaji mmoja anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa dume mwekundu, mnono, nundu imelala upande kwa mafuta. Vigelegele vikakatika.

"Bartholomeo!" Firoz akaita. "Mimi nikisema natimiza. Ng'ombe huyu hapa. Nyota iko wapi?"

Bartholomeo alikuwa amechuchumaa. "Imeungua, bwana."

"Imeungua vipi? Nyota inaungua?"

"Kioo kimeingia mwanga."

Firoz akamulika huku na huku. Akamulika pipa, mabua, moto, nyuso zetu. Si mtu mjinga, duka lake lina miaka mingi mjini hapa.

"Na kioo kingine sina," akasema. "Kesho picha ilikuwa ipande treni kwenda Mwanza kuchapishwa. Kalenda ya duka, mwaka mpya, nyota juu, jina langu chini, kila nyumba kuanzia hapa mpaka Geita. Nilimwambia huyu, nipe nyota, nikupe ng'ombe uwalishe majirani zako waache kukutenga. Maana mfanyakazi asiyepewa hata kijinga cha moto anakuja kazini hajanywa chai, mikono inatetemeka, bibi harusi anatoka na pua mbili!" Akatugeukia. "Ng'ombe alikuwa wenu. Alikuwa wa kwenu nyinyi, mnaelewa?"

Dume akanusa maganda ya mihogo yangu.

"Kwa nini hukuwaambia?" Firoz akamwuliza Bartholomeo.

"Ningemwambia nani, bwana? Kuku?"

Firoz akatikisa kichwa. Akasema neno la Kigujarati ambalo sikulijua na sikuhitaji kulijua. "Kwenye kalenda nitaweka picha ya maua," akasema. Akampigia mchungaji mluzi. Yule dume alikuwa ameanza kula maganda ya mihogo yangu, akavutwa, akageuka polepole kwa unene wake, mtaa mzima ukamtazama nundu, kisha mgongo, kisha mkia. Vishindo vyake vikaondoka kuelekea mjini. Mtu mmoja nyuma yangu akameza mate, na kila mtu akamsikia.

Nilidhani sasa watamhurumia Bartholomeo. Wapi! Tumbo la watu likikosa nyama linatafuta mwenye kosa aliye karibu.

Bujiku aliiweka kata yake chini. Pombe ilikuwa bado nusu. Tangu nimjue, sikupata kumwona akiacha pombe nusu. Akainuka, akakung'uta kaptura, akakitazama kinu.

"Kinu," akasema, "mwambie Mama Januari kwamba ng'ombe wa mtaa ameungua kwenye moto wake."

Bernadina alikuwa ameshika mwiko. "Bujiku? Unasema na nani?"

"Kinu, mwambie naye atafute wake."

"Bujiku! Si wewe uliyecheka kwanza? Si nyinyi mliosema chochea? Mabua yangu, moto wangu, nyinyi mmekaa hapo mnaonja pombe yangu!"

"Kinu, mwambie pombe yake abaki nayo," mchimbaji akadakia, yule yule aliyecheza. Akamwaga iliyokuwa katani mwake. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakichukua vigoda vyao na shuka zao, kila anayepita anakigusa kinu. "Kinu, mwambie nyama ilikuwa nono." "Kinu, muulize kama mabua yameshiba." Mpangaji wangu wa Nyasubi alisema kwao Kahama mtu kama huyo angehamishwa kabisa.

"Mama Klara!" Bernadina akaniita. Kwa jina la mwanangu, kwa sauti ambayo hajaniitia hata siku ya msiba. "Mama Klara, wewe sema nami. Sema neno moja."

Nikafungua mdomo. Bujiku alikuwa mlangoni, amegeuka, anangoja kusikia. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye kinu.

Basi ua ukabaki mtupu. Mimi, kinu changu, Bernadina na pipa lake ambalo kesho hakuna atakayelinywea, na upande wa pili Bartholomeo anakunja miguu ya kamera, mguu mmoja, mwingine, hamtazami mtu. Bernadina alimwona anamaliza. "Umefurahi?" akamwambia, moja kwa moja, bila kuku wala kinu.

"Hapana," Bartholomeo akasema. "Nawe?"

"Mchawi mkubwa wewe. Sikusamehe."

"Sijakuomba."

Mlango wa Bartholomeo ukalia. Mama Serafina alikuwa amevuka kizingiti. Ameshika mwimo kwa mikono miwili, shuka mabegani, amekonda mpaka mwanga wa moto ule unakaribia kumpita.

"Bernadina," akaita.

"Shikamoo, mayu," Bernadina akajibu, kama binti anayemwamkia mama yake, kabla hajakumbuka kwamba nyumba ile haisalimiwi.

"Marahaba. Moto wako mkubwa, mwanangu. Umenionyesha hata nyufa za ukuta ambazo huyu aliniambia amezikandika." Akakohoa, akangoja kikohozi kimalizike kama mtu anayengoja mgeni msumbufu aage. "Wale wanao wawili wako wapi?"

"Wako kwa mjomba wao, wanachunga."

"Mikono yao mizima?"

"Mizima, mayu. Kwa nini?"

"Nahesabu. Wawili wako, na huyu wangu. Watatu wanatosha, mimi nimekonda, shimo langu si pana."

Bernadina akaushika mwiko kwa mikono miwili. "Mwanao hakumchimbia mume wangu."

"Hakumchimbia. Alikosa, na mimi nimemwambia kila siku tangu masika, muulize. Sikupiga kelele tu kama wewe, kifua hakiruhusu. Lakini wewe nawe leo umekula ng'ombe wa watu kwa moto. Ukifa juma lijalo, unadhani yule Bujiku atakuja na jembe? Atakituma kinu." Akacheka, kikatoka kikohozi. "Humu ndani hakuna wa kukukataza, sisi tulishakatazwa zamani. Michembe ya viazi nimeiloweka tangu mchana na karanga zimetwangwa, lakini kiberiti kimelowa na moto hatuna. Chukua kijinga hapo kwako, kile kinene, uje nacho. Na wewe Bartholomeo, msogezee kigoda, usisimame kama miguu ya kamera. Karibu ndani, Mama Januari, tupike tule."